Jina la Timu Iliyotufunga

Mjukuu wangu Stela alizaliwa kati ya goli la kwanza na goli la pili. Nasema hivyo kwa sababu hapa Tlawi watu wanapenda kusema alizaliwa mpira umeshaisha. Mimi ndiye niliyempokea kwa mikono hii. Wao walikuwa nje wanalia.

Leo ni mwanamke mzima, ana duka la mbegu na dawa za mimea kule Dongobesh, na mpira haupendi hata kidogo. Ukimuuliza Simba wamecheza na nani anakuuliza unataka mbegu ya nini. Lakini jina lake limetoka kwenye mpira, na jina hilo lilikaa miaka kumi bila baba yake kulitamka. Watu wanasimulia habari hiyo wanavyotaka. Mimi nasimulia ilivyokuwa.

Ilikuwa Novemba mwaka tisini na tatu, Jumamosi, mchana. Mkwe wangu Violeth alishikwa na uchungu tangu asubuhi. Mwanamke akiwa kwenye uchungu wanaume wanaondoka uani bila kuambiwa, ndivyo tulivyolelewa. Siku ile hawakuondoka. Jirani yetu Xavery alikuwa na redio, na redio yenyewe ilikuwa haikamati vizuri popote ila hapa kwangu juu ya kilima, waya wake ukifungwa kwenye mkaratusi wangu. Basi wanaume kama ishirini walikaa uani, migongo wameelekeza mlangoni, eti kugeuza mgongo ndiyo heshima.

Nikatoka. Nikawaambia, "Nyie hamna kwenu?"

Xavery akaniamkia, "Shikamoo mama. Dakika tisini tu, mama. Ni fainali ya Kombe la CAF."

"Huyo CAF ni nani?"

"Ni Afrika nzima, mama. Timu ya Tanzania haijawahi kufika fainali kama hii."

"Na aliyeko ndani naye ni Afrika. Punguzeni sauti."

Hawakupunguza.

Wakati huo mpira sikuujua. Shule nilifika darasa la pili nikatolewa kwenda kuchunga. Lakini kombe hilo nilikuja kulijua kuliko wote waliokaa pale, kwa hiyo acheni nilieleze. Lilianza mwaka mmoja nyuma, tisini na mbili. Mabingwa wa kila nchi walikuwa na kombe lao kubwa, walioshinda makombe ya ndani walikuwa na lao, na hili likatengenezwa kwa ajili ya waliomaliza ligi nyuma ya bingwa. Kombe la waliokosa. Mwaka wa kwanza Wanigeria walilichukua mbele ya Villa ya Uganda. Mwaka wa pili Simba yetu ikawatoa Waalgeria, ikawatoa Waangola, ikaenda mpaka Abijani ikatoka sare bila goli na timu ya huko inayoitwa Stella. Sasa walikuwa wanarudiana Dar es Salaam, na kila mtu alijua kombe limeshafika.

Mwanangu Herman, mume wa Violeth, ndiye alijua kuliko wote. Alikuwa ameshatafuta na jina. Mtoto akiwa wa kiume, ataitwa Simba. Nilimwambia mkeo hazai mbwa.

Goli la kwanza lilipoingia nilikuwa nimepiga magoti. Uani kukawa kimya, kimya cha msibani. Mtangazaji peke yake ndiye anaongea, Stella hivi, Stella vile, na wanaume wanalirudia hilo neno midomoni kama mtu anayemtaja mwizi wake. Hapohapo mtoto akatoka. Wa kike. Akalia vizuri. Nikamfuta uso, nikasema, "Huyu ni Stela."

Violeth akafumbua macho. "Nani?"

"Stela. Husikii wanavyomwita?"

Kwetu Wairaqw mtoto anakuja na jina lake. Aliyezaliwa mvua inanyesha ni Tluway. Aliyezaliwa njiani ni Lohay. Bura ni yule aliyekuta nyumba ina pombe. Hatuulizi kama jambo lenyewe lilitufurahisha. Tluway hakuitwa Jua kwa sababu kuna watu hawapendi kulowa.

Nilipotoka na mtoto kwenye nguo, goli la pili nalo limeshaingia na mpira umekwisha. Herman alikuwa amekaa chini, ametafuna ukingo wa kofia yake nyekundu. Nikamwambia, "Ni msichana. Mkeo mzima. Jina lake Stela."

Xavery alikuwa Yanga. Redio aliileta siku ile ili awasikilize Simba wakifungwa, si kitu kingine. Aliposikia jina alicheka mpaka akashikilia mkaratusi. "Mama," akasema, "shikamoo tena! Hii leo umewafunga goli la tatu!"

Herman akasimama. "Mama, unaniletea jina la waliotufunga ndani ya nyumba yangu?"

"Mimi? Limeletwa na redio yenu. Mngekaa mbali kama baba zenu, mtoto angeitwa kitu kingine."

"Mbadilishie."

"Nimeshalisema, mtoto ameshalisikia."

Akaondoka bila kumwangalia mtoto usoni. Hilo nimelishika mpaka leo.

Sasa sikilizeni upumbavu ulivyokuja. Siku chache baadaye tulipika pombe ya mtoto. Wazee wakaja, na Mzee Sulle akasimama kuomba. Sala yetu ya wazee anayeiongoza ni mmoja. Anasema neno, watu wote wanaitikia, anasema lingine, wanaitikia, nchi ipone, ng'ombe wapone, watoto wapone, mpaka mwisho. Na neno lolote likisemwa katikati ya sala likaitikiwa, limefungwa. Mtoto wa miaka mitano anajua hilo. Ndiyo maana katikati ya sala hakuna anayefungua mdomo.

Mzee Sulle alikuwa anaomba vizuri tu. Akafika mahali, kikohozi kikamshika, akanyamaza kidogo. Xavery akamnong'oneza Herman, nilimsikia, "Msalimie Stela." Herman alikuwa ameshakunywa. Akasimama na kibuyu mkononi akasema kwa nguvu, kama kwenye mkutano wa kampeni, "Mtoto huyu sitamwita kwa jina hilo mpaka kombe hilo lije Tanzania!"

Na wazee, nao wamelewa, nao wamezoea, mtu akinyamaza wao wanajibu, wakaitikia wote kwa sauti moja, "Na iwe!"

Herman akacheka. Akatazama huku, akatazama kule. Alikuwa anacheka peke yake.

Mzee Sulle akasema, "Umesema ndani ya sala, mwanangu."

"Ako, nilikuwa natania."

"Mimi sikuwa natania. Na hawa wameitikia."

Ako ni babu kwa lugha yetu, na Mzee Sulle tulimwita hivyo wote, hata sisi wenye mvi. Alimweleza Herman taratibu kabisa. Ukimwita kabla ya kufunguliwa, ubaya hautakupata wewe, utampata mtoto. Ukitaka kufunguliwa na hutaki kungoja kombe, leta kondoo, simama mbele ya hawahawa, sema kwa mdomo wako kwamba ulikosea, kisha mwite.

"Niseme nilikosea mbele ya huyu?" Herman akamwonyesha Xavery kwa kidole. "Ako, mwakani kombe linakuja. Simba hawa hawatarudia kosa."

Nikamwambia, "Toa kondoo leo, mjinga wewe."

"Mwakani, mama."

Basi. Mwakani ikaja, wakalichukua Wanigeria tena. Tisini na tano wakalichukua Watunisia. Na tangu hapo, wanangu, kombe likapanda kaskazini kwa Waarabu halikushuka tena. Tunisia, Moroko, Tunisia, Tunisia, Tunisia. Timu zetu zilikuwa zinakwenda na kurudi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nayajua haya kwa sababu nilinunua redio yangu mwenyewe. Zamani redio ilikuwa ya mwalimu na ya katibu kata, lakini soko lilipofunguliwa zikajaa mnadani pale Dongobesh, ndogondogo, za Dubai, zimepangwa juu ya turubai karibu na mitumba. Niliuza vitunguu saumu vyangu nikachukua moja. Watu wakacheka, bibi kizee na mpira. Mimi sikuutaka mpira. Nilimtaka mjukuu wangu aitwe.

Jioni za mechi nilikaa upande huu wa redio na Herman upande ule. Hatuongei. Simba wakicheza nawaombea, Yanga wakicheza nawaombea, yeyote atakayelileta mimi nipo. Mara moja Yanga walikuwa uwanjani huko nje, nikamwona Herman naye anasogeza midomo anawaombea Yanga. Nikamtazama. Akageuka pembeni kama nimemkuta hajavaa nguo.

Maana mtoto alimpenda, sitadanganya. Alimbeba mabegani mpaka mnadani. Alimchongea kigoda. Lakini kumwita, alimwita "wewe." Au "huyu mdogo." Au alipiga mluzi, kama anaita ng'ombe. Mtoto akiwa na miaka minne akaniuliza mimi bibi yake, "Ama, baba hajui jina langu?"

"Analijua."

"Sasa mbona haliiti?"

"Muulize yeye."

Akaenda akamuuliza kweli. Herman akachukua jembe akaenda shambani, na shambani hapakuwa na kazi.

Mwaka mmoja, mwezi wa saba, ukungu ulishuka watoto wako msituni kuokota kuni. Huku kwetu ukungu wa Julai ukishuka huoni mkono wako. Wazazi tukasimama ukingoni tunaita, kila mtu mtoto wake. Tadeo! Fransiska! Watoto wanafuata sauti wanatoka mmojammoja. Herman naye akaita. "Weweee! Wewe wa Violeth!" Wakatoka watoto watatu wa watu wengine, wa kwake hakutoka. Aliita mpaka sauti ikapasuka. Nilipofika na mguu wangu mbovu nikaita mara moja, "Stela!" Akaitikia palepale, si mbali, kwenye mwerezi hatua kumi tu.

Herman akamshika mabega. "Hukunisikia?"

"Nilisikia baba. Lakini wewe ni watoto wote."

Mwanaume mzima alilia machozi pale kwenye ukungu. Nikamwambia, "Kondoo wako zizini. Sita." Akafuta uso, akasema mwaka huu kuna kikosi kizuri. Kikosi! Nilitema mate chini.

Mwaka elfu mbili na mbili tulilala Arusha tukaamka Manyara, mkoa mpya, na ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa, kwa hiyo watoto walijaa shuleni mpaka wanakaa chini. Tukampeleka Stela darasa la kwanza, amechelewa, ana miaka minane. Mwalimu alikuwa kijana mgeni, mtu wa Singida. Akamuuliza Herman, "Jina la mtoto?"

Herman akasema, "Ni huyu."

"Namwona, mzee. Anaitwa nani?"

"Andika Herman."

"Herman ni wewe. Wa kwake?"

Foleni nyuma yetu wakaanza kucheka, maana wote wanajua. Herman jasho linamtoka. "Mama atakwambia," akasema.

Mimi nikakunja mikono. "Mama hajui kusoma. Sema wewe."

Nilitaka aumie, nasema wazi. Tukasimama hivyo mpaka Stela mwenyewe akasogea mezani, kidevu kinafika kwenye daftari, akasema, "Mwalimu, mimi ni Stela Herman. Baba yangu anangoja kombe."

Mwalimu akaandika. Akainua kichwa akauliza kombe gani. Nikamweleza njiani, tulipokuwa tunatoka. Alinisikiliza, akasema, "Mama, hilo Kombe la CAF Kabylie ya Algeria wamelichukua mara mbili mfululizo. Mtangoja sana."

Tukangoja miaka miwili tu. Mwaka huo Kabylie tena, mwaka elfu mbili na tatu wakalichukua Wamoroko, na baada ya hapo redio ikatangaza, nilikuwa napepeta mahindi nikaacha ungo: Kombe la CAF limefutwa. Wameliunganisha na lile la washindi wa makombe, wametengeneza moja jipya, la Shirikisho. Lile la zamani halipo. Miaka kumi na miwili limeishi, limekwisha.

Nilikwenda kwa Herman shambani. Alikuwa amesimama tu katikati ya vitunguu. Ameshasikia.

"Limekufa," akasema.

"Nimesikia."

"Basi na kiapo kimekufa, mama. Si ndiyo?"

Kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe nilimwona anacheka kwa furaha, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kumkatisha. "Twende kwa Mzee Sulle," nikamwambia.

Mzee Sulle alikuwa kitandani siku hizo, kikohozi kile cha zamani kimemla amebaki mifupa. Wakamtoa nje juani, wakamkalisha kwenye ngozi. Wazee wa siku ile ya pombe waliobaki walikuwa saba, wakaja wote, na Xavery akaja bila kuitwa. Herman akaeleza: kombe limefutwa, kwa hiyo neno lake halina kazi tena.

Mzee Sulle akamuuliza, "Ulisema mpaka kombe life?"

"Hapana Ako. Nilisema mpaka lije."

"Na sasa litakuja?"

"Halitakuja. Halipo."

"Basi hutamwita mpaka ufe."

Xavery akadakia, "Ako, kuna hili jipya, la Shirikisho. Limezaliwa na lile. Si tuhamishe kiapo huko?"

"Hamishia kwenye mazishi yako," nikamwambia. "Tungoje miaka kumi mingine?"

Hapo ndipo mkwe wangu Violeth akasimama. Violeth ni mtu wa amani, na watu wa amani wamenisumbua maisha yangu yote. Akasema amechoka nyumba yake kuwa na ukimya. Akasema kuna njia nyepesi. Mtoto abadilishwe jina. Awe Doris, padri ataandika upya, na baba yake atamwita Doris leoleo, hakuna kiapo kilichovunjwa, hakuna kondoo, hakuna aibu.

Wazee wakatikisa vichwa, eeh, eeh, jambo jema. Ilikuwa imekaribia jioni, walitaka kwenda kwao. Nikaona wanataka kuniibia mtoto kwa kura ya vichwa. Nikasimama.

"Nani alikosea?" nikawauliza. "Huyu mtoto alisema nini siku ile? Alikuwa na siku nne duniani. Aliyefungua mdomo ni mwanaume mwenye ndevu, na mlioitikia ni nyinyi mmelewa. Sasa mmekaa hapa mnatafuta nani alipe, mmempata mdogo kuliko wote. Nimempa jina kwa haki, kama bibi yangu alivyonipa langu. Atakayembadilisha aanze na mimi."

Mzee mmoja akasema, "Getruda, kaa chini, mwanamke hasemi hivyo mbele ya wazee."

"Nikikaa chini ndiyo kondoo atatembea mwenyewe aje?"

Mzee Sulle akainua mkono, wakanyamaza. Akamwita mtoto. Stela akasogea, akampa shikamoo. Akamuuliza, "Unataka kuwa Doris?"

"Hapana, Ako."

"Kwa nini? Baba yako atakuita."

"Ataita Doris. Mimi nitakuwa wapi?"

Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukangoja. Alipopata pumzi akamwambia Herman, "Njia ni ileile niliyokupa. Kondoo, mbele yetu, sema ulikosea. Lakini fanya haraka. Nilifunga mimi, nikiondoka hakuna wa kukufungulia."

Herman akamtazama Xavery, Xavery akamtazama yeye akitabasamu. "Siwezi," Herman akasema. "Ako nisamehe. Mbele ya Yanga siwezi."

Akaondoka. Na mimi mbele ya wazee nikasema, "Basi afe na Simba wake," na sikujutia, na sijutii.

Asubuhi iliyofuata Stela alianza mambo yake. Wanasema nilimfundisha. Sikumfundisha. Ningekuwa nimemfundisha angeanza miaka mitano nyuma. Herman akasema, "Wewe, niletee viatu." Mtoto akaendelea kufagia. "Wewe, si naongea na wewe?" Anafagia. Akapiga mluzi. Mbwa akaja. Violeth akamwambia mtoto, "Stela, baba yako anakuita." Akamjibu mama yake kwa adabu kabisa, "Sijasikia mtu akiniita, ayo."

Herman akachukua fimbo. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikasogeza mguu tu, akaona, akairudisha fimbo ukutani.

Ikawa hivyo siku ya pili, ya tatu, juma zima. Hakuwa na kiburi cha kelele, salamu alitoa, chakula cha baba yake alikiweka mezani. Ila hakuitika. Wewe hakuitika, huyu mdogo hakuitika, mluzi hakugeuka. Herman akawa anajitafutia viatu mwenyewe. Akiwa na habari ya kumwambia anamwambia Violeth, Violeth anamwambia mtoto, na wote watatu wako chumba kimoja. Juma la pili akanijia. Macho mekundu.

"Mama, mwambie mtoto aniitikie."

"Mwite."

"Mama unajua siwezi."

"Na yeye anajua unaweza."

Akakaa kwenye gogo. Akasema, "Xavery atanicheka mpaka kaburini."

"Atakucheka. Kisha atakufa naye. Watu wamechekwa, Herman. Mimi nimechekwa na redio yangu miaka yote hii, na huoni nimepungua."

Jumamosi, saa nne asubuhi, nikaona mtu anapanda kilima cha Mzee Sulle anavuta kondoo dume. Kondoo anakataa, anajitia miguu, mtu anamvuta, wanasimama, wanavutana tena. Nikavaa kanga nikamshika Stela mkono.

Mzee Sulle alitolewa nje tena. Wale wazee saba wakakusanyika, na Xavery alikuwa mbele kabisa, amevaa jezi ya njano na kijani, mwehu yule. Herman alipoiona alisimama akavuta pumzi. Nilidhani atarudi. Akafunga kondoo kwenye mti, akavua kofia.

"Nilikosea," akasema.

Xavery akaita, "Huku nyuma hatusikii!"

"Uko mbele!" watu wakamjibu, wakacheka.

Herman akapaza sauti. "Nilisema neno ndani ya sala, nikiwa nimelewa, kwa sababu ya mpira. Mtoto hakuwa na kosa. Nilikosea mimi."

Mzee Sulle akaomba. Sauti ilikuwa ndogo, tukasogea karibu ili tujue pa kuitikia, na safari hii hakuna aliyeitikia kabla ya wakati. Kondoo akachinjwa, mtoto akapakwa mafuta yake kwenye paji. Kisha mzee akamwambia Herman, "Sasa."

Herman akawatazama wazee akasema, "Stela."

Mtoto hakujibu. Nikasema, "Unawaita wazee? Geuka."

Akageuka. Alimtazama mtoto. "Stela."

"Abee, baba."

Herman amesimama. Miaka kumi alikuwa anangoja kumwita, na sasa amemwita, hana alichomwitia.

Stela akangoja, akaona hasemi, akauliza, "Unasemaje, baba?"

"Lete..." Herman akatazama huku na huku. "Lete maji."

Hakuna aliyekuwa na kiu. Stela akaenda kuleta, na njia nzima mpaka kisimani alikuwa anacheka peke yake, tulimsikia. Hata Xavery aliinamisha kichwa, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Nyama ikagawiwa. Mzee Sulle alikula kipande kidogo, na mwezi huohuo tukamzika. Mimi waliniletea mguu wa mbele, fungu la heshima, nikampa Xavery. Herman akaona. Akaja kuchuchumaa mbele yangu mbele ya watu wote.

"Mama, hukuli? Si yameisha?"

"Wewe na Stela mmemaliza," nikamwambia. "Siku ile nilikuletea mtoto ukaondoka hujamtazama usoni. Mimi na wewe hatujaanza."